Subira ya Mashabiki Si Mtaji wa Viongozi

Ligi ya mpira wa magongo wa barafuni ya Amerika ya Kaskazini, NHL, iliingia katika hatua ya mtoano mwezi Aprili 2025, na kwa msimu wa 14 mfululizo timu ya Buffalo Sabres haikuwamo. Katika historia yote ya ligi hiyo hakuna timu nyingine iliyowahi kukaa nje ya mtoano kwa muda mrefu kiasi hicho. Na nafasi zenyewe si haba, kwani kati ya timu 32 huingia 16. Mwaka 2020, msimu ulipokatizwa na janga la korona, ligi ilizialika timu 24 kati ya 31 zilizokuwapo wakati huo, na hata hapo Buffalo walibaki nyumbani.

Wasomaji waliozoea kunikuta hapa nikijadili katiba, uchaguzi na bajeti huenda wakashangaa kuniona barafuni. Niliishi Buffalo miaka kadhaa nikisomea shahada ya uzamivu, na mji ule ulinifanya shabiki bila kuniomba ruhusa. Hata hivyo si mapenzi ya timu yanayonisukuma kuandika leo. Nimechoka kusikia hoja moja inayorudi kila msimu unapoharibika: kwamba mashabiki wa Buffalo nao ni sehemu ya tatizo, kwamba wana hasira kupita kiasi, wanawazomea vijana, wanawatisha wachezaji wazuri wasije, na hawajui kusubiri. Hoja hiyo naiona kuwa ni dhuluma, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza tuujue mji wenyewe. Buffalo uko kandokando ya Ziwa Erie, mpakani na Kanada. Ulikuwa mji wa nafaka, reli na chuma. Mwaka 1950 ulikuwa na wakazi zaidi ya 580,000. Tanuri za chuma zilipozimwa watu walihama, na kufikia mwaka 2010 walisalia 261,000 hivi. Sensa ya 2020 ndiyo ya kwanza katika miaka 70 kuonyesha ongezeko, na sehemu ya ongezeko hilo imeletwa na wakimbizi, wakiwamo Wakongomani wengi ambao Kiswahili chao nilikisikia sokoni na katika vituo vya basi vya upande wa magharibi wa mji. Watu wa mji kama huu hawafundishwi subira na mtu. Wameiishi.

Sasa tutazame jinsi subira hiyo ilivyotumiwa. Februari 2011 bilionea wa gesi asilia, Terry Pegula, aliinunua klabu. Siku ya kutambulishwa alitokwa na machozi alipomtaja Gilbert Perreault, shujaa wa ujana wake, na akatangaza kwamba kuanzia siku ile sababu ya klabu kuwapo ni kutwaa Kombe la Stanley. Mji ulimwamini. Miezi miwili baadaye timu ilitolewa na Philadelphia Flyers katika mchezo wa saba wa raundi ya kwanza, na hadi Aprili 2025 haikuwa imecheza mchezo mwingine wa mtoano. Chini ya mmiliki huyo, hadi Aprili 2025 walikuwa wamepita mameneja wakuu wanne. Tangu Lindy Ruff alipofukuzwa mwaka 2013 makocha wamebadilishwa mara saba, na wa saba ni Lindy Ruff yuleyule, aliyerudishwa mwaka 2024.

Kila mmoja wa hao alipoingia alisema jambo moja: nipeni muda. Na kila mmoja alianza kuuhesabu muda siku aliyoajiriwa. Meneja mpya yuko mwaka wa kwanza. Akiondolewa katika mwaka wa tatu, mrithi wake naye yuko mwaka wa kwanza. Shabiki peke yake ndiye ambaye kalenda yake hairudishwi nyuma. Yeye alifika mwaka wa 14, na anapopaza sauti huambiwa kwamba hana subira na mtu aliyefika juzi. Hapa ndipo dhuluma ilipo. Klabu imegawanya kushindwa kwake katika vipande vidogovidogo, kila kipande kina mwenyewe, na jumla yake haina mwenyewe. Mtu pekee anayeishika jumla ni yule aliyekaa jukwaani muda wote, na huyo ndiye anayeombwa anyamaze.

Mwaka 2013 meneja mkuu wa wakati ule, Darcy Regier, aliwaandaa mashabiki kwa kuwaambia kwamba ujenzi mpya huenda ukahitaji kuteseka kidogo. Hakudumu hadi mwisho wa mwaka huo. Mateso yalibaki, tena yakageuzwa kuwa mkakati. Msimu wa 2014-15 timu iliundwa iwe dhaifu makusudi, kwa kuwa timu ya mwisho hupata nafasi kubwa zaidi ya kumteua chipukizi bora, na chipukizi wa mwaka ule alikuwa Connor McDavid, kijana ambaye kila mtu alijua kwamba angeibadili timu yoyote atakayoichezea.

Usiku wa Machi 26, 2015 nilikuwa ukumbini. Wageni walikuwa Arizona Coyotes, timu iliyokuwa ikishindania nasi mkia wa msimamo. Mchezo ulikwenda hadi muda wa nyongeza, na Sam Gagner wa Arizona akafunga bao la ushindi, 4-3. Ukumbi ulilipuka kwa shangwe. Watu wenye jezi za Buffalo walikumbatiana kwa sababu Buffalo imefungwa. Wachezaji wetu waliondoka barafuni vichwa vimeinama, na baadaye baadhi yao walisema wazi jinsi walivyoumizwa. Nami nilisimama, nami nilipiga makofi. Nakumbuka aibu iliyonishika nilipokuwa nikifunga zipu ya koti kutoka nje. Nilikuwa nimefundishwa na viongozi wa klabu kutamani anguko la vijana waliokuwa wakitoka jasho mbele yangu, na nilikuwa mwanafunzi mwepesi.

Mwezi uliofuata ikachezwa bahati nasibu ya uteuzi. Buffalo, waliomaliza wa mwisho, walikuwa na asilimia 20 ya kushinda. Edmonton walikuwa na 11.5, na wakashinda. McDavid akaenda Edmonton, nasi tukampata wa pili, Jack Eichel. Wapo wanaosema huo ulikuwa mkosi tu. Sikubali. Mpango unaowataka wachezaji wazoee kushindwa, kisha uwe na uwezekano wa asilimia 80 wa kuikosa ile zawadi yenyewe, ulikuwa mbovu kabla ya bahati kuusogelea.

Ajabu ni kwamba historia ya klabu ilikuwa na somo, lakini lilisomwa nusu. Mwaka 1970 Buffalo na Vancouver ziliingia ligi pamoja, na haki ya kuteua kwanza iliamuliwa kwa gurudumu la bahati. Likaangukia upande wa Buffalo, wakampata Perreault, ambaye alivaa namba 11 kwa kuikumbuka namba ya gurudumu. Hadithi hiyo kila mtoto wa mji anaijua. Kinachosahauliwa ni kilichofuata. Mwaka 1971 aliteuliwa Rick Martin. Mwaka 1972 René Robert aliletwa kutoka Pittsburgh kwa kubadilishana na mchezaji mkongwe. Na mwaka 1975, klabu ikiwa na umri wa miaka mitano tu, ilicheza fainali ya Kombe la Stanley. Bahati ilitoa mchezaji mmoja, na timu ikajengwa kwa kazi. Viongozi wa 2015 walilikumbuka gurudumu wakaisahau kazi.

Ushahidi wa hilo ni wale walioondoka. Ryan O'Reilly aliuzwa St. Louis mwaka 2018, na msimu uliofuata alitwaa kombe na tuzo ya mchezaji bora wa mtoano. Eichel, aliyekuwa nahodha, aligombana na klabu kuhusu aina ya upasuaji wa shingo yake, akavuliwa unahodha, akapelekwa Vegas mwishoni mwa 2021, na mwaka 2023 akanyanyua kombe. Sam Reinhart alikwenda Florida mwaka 2021, na mwaka 2024 ndiye aliyefunga bao la ushindi katika mchezo wa saba wa fainali. Wachezaji watatu, timu tatu, makombe matatu. Ukiona mbegu zako zinaota vizuri katika kila shamba isipokuwa la kwako, acha kuzilaumu mbegu. Wala usimlaumu jirani anayesimama ukingoni mwa shamba akiuliza maswali.

Desemba 2024, timu ikiwa imeanza mfululizo wa michezo 13 bila ushindi, meneja mkuu wa wakati huo, Kevyn Adams, aliulizwa kwa nini wachezaji wakubwa hawaletwi. Katika jibu lake alisema kwamba Buffalo hakuna minazi, na kwamba jimbo la New York lina kodi. Katika mchezo uliofuata mashabiki waliingia ukumbini na minazi ya plastiki ya kupuliza. Walicheka, na nilipoziona picha nami nilicheka, lakini tuipime kauli ile kwa uzito wake. Kiongozi aliulizwa kuhusu kazi yake, akajibu kwa hali ya hewa. Winnipeg hakuna minazi. Edmonton hakuna minazi. Miji hiyo yote ina baridi inayoishinda ya Buffalo, na timu zake zilikuwamo katika mtoano wa mwaka 2025. Maneno ya meneja yalikuwa tusi kwa mji ambao watu wake wameyavumilia majira yote hayo bila kulipwa mamilioni.

Nakubali baadhi ya hoja za upande wa pili. Pegula hakuwa bahili. Ametumia fedha nyingi, pengine mara nyingine bila mpango. Nakubali kwamba kuzomea kijana wa miaka 20 hakumfanyi ateleze vizuri zaidi. Nakubali pia kwamba sisi mashabiki tuna ugonjwa wa kuabudu zamani, na kwamba viongozi wanaujua. Ruff aliporudishwa, wengi wetu tulifurahi kwa sababu tulimkumbuka akiwa nasi katika fainali ya 1999 tuliyopoteza mbele ya Dallas kwa lile bao lenye ubishi la muda wa nyongeza wa tatu. Klabu ilitupa kumbukumbu badala ya maelezo, nasi tukaipokea. Hilo ni kosa letu.

Lakini kumbukumbu hiyohiyo inatuonyesha kwamba hali hii si majaliwa ya Buffalo. Mwaka 2002 himaya ya mmiliki wa wakati huo, John Rigas, iliporomoka kwa kashfa ya udanganyifu ambayo baadaye ilimtia hatiani, na ligi ikalazimika kuishika klabu mkononi. Ilikuwa imefilisika. Miaka minne baadaye, mwaka 2006, ilikuwa imebakiza mchezo mmoja tu kufika fainali, na msimu uliofuata iliongoza ligi nzima. Mji ni uleule, theluji ni ileile, kodi ni zilezile. Klabu iliyotoka katika ufilisi ilipanda haraka kuliko klabu inayomilikiwa na bilionea.

Nilikuwa na jirani, mzee mmoja kutoka Kivu, aliyeanza kutazama mchezo huu kwa sababu ya wajukuu wake. Siku moja ya Juni 2020 nilimpigia simu kumjulia hali, nikamweleza kwamba meneja mkuu amefukuzwa pamoja na watumishi 22 wa idara yake kwa siku moja. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza: "Sasa mwalimu, huyu mwenye timu, yeye anafukuzwaka na nani?"

Sikuwa na jibu, na bado sina, kwa sababu jibu ni hakuna. Mmiliki hapigiwi kura. Ni nadra kusimama mbele ya wanahabari kujibu maswali kuhusu Sabres. Lakini huwezi kusema kwamba hili ni duka lake binafsi na wanunuzi wasioridhika waende kwingine. Mmiliki huyohuyo anayo timu ya mji ya kandanda ya Kimarekani, Buffalo Bills, na uwanja mpya wa timu hiyo umetengewa dola milioni 850 za umma kutoka jimbo na kaunti. Anayepokea kodi za watu akiwa mdau wa jamii hawezi kujificha nyuma ya hati ya umiliki anapoulizwa na watu haohao.

Madai yangu basi ni madogo. Simdai kombe, kombe ni moja na timu ni 32. Namdai maelezo. Asimame yeye mwenyewe, si mwajiriwa wake, aseme nini kilikosewa tangu 2011, nani alikiamua, na ni kwa kipimo gani na tarehe ipi atakiri kwamba mpango wa sasa nao umeshindwa. Hadi atakapofanya hivyo, mashabiki wana haki ya kuzomea, ya kupeperusha minazi yao ya plastiki, na zaidi ya yote, ya kuviacha viti vitupu. Hiyo ndiyo kura pekee waliyoachiwa.

Kiongozi anayewasifu watu wake kwa uvumilivu mwaka baada ya mwaka anastahili kutazamwa kwa makini, awe ana timu, chama au nchi. Subira ni mkopo, na mwenye kukopa haruhusiwi kumkaripia mdai anapouliza siku ya kulipwa.