Kila Mlango na Ufunguo Wake

Kupanga uzazi si jambo la kuonewa haya. Kur'ani Tukufu imetaja miaka miwili kamili ya kunyonyesha, na nafasi baina ya mtoto na mtoto ni afya ya mama. Tunalolikemea leo ni tabia ya kuazimana vidonge vya majira kama chumvi.

Dawa iliyomfaa mmoja yaweza kumdhuru mwenziwe. Vidonge vyenye homoni mbili huongeza hatari ya damu kuganda mishipani. Havimfai mwenye shinikizo kubwa la damu, mvutaji sigara aliyetimiza miaka 35, wala mama anayenyonyesha mtoto asiyefikia wiki 6. Sindano ya miezi 3 hubadili hedhi, na mimba huweza kuchelewa baada ya kuiacha. Kitanzi cha shaba hudumu miaka 10, lakini chaweza kuzidisha damu ya mwezi. Aliyepungukiwa na damu aangaliwe kwanza.

Hata hivyo, hofu isipite kiasi. Hatari ya damu kuganda wakati wa ujauzito ni kubwa kuliko ile ya vidonge.

Kwa hiyo tunawataka viongozi wanaohusika wahakikishe kwamba kila kituo cha afya, Unguja na Pemba, hadi Tumbatu na Kojani, kina kipimo cha presha kinachofanya kazi, na mkunga mwenye nafasi ya kuuliza kabla ya kutoa. Nao waume wafuatane na wake zao. Kugawa dawa bila ya kupima si huduma. Ni kubahatisha roho za watu.