MAONI YETU: MASHINE YA KUOSHEA TUSIINUNUE KWA MACHO



Tangu mkutano wa mwezi uliopita maneno yamekuwa mengi. Kisimani ni mashine, kilabuni ni mashine, hata msibani juzi watu walibishana habari ya mashine. Wako wanaosema Halmashauri imekwisha amua, na wako wanaosema fedha zimekwisha liwa. Tunasema wazi: fedha za alizeti ziko benki, hazijaguswa, na karani anayo karatasi ya benki, atamwonyesha mwanachama yeyote anayetaka kuiona. Uamuzi ni wa mkutano wa Jumamosi. Lakini kabla ya kunyoosha mikono ni lazima kila mtu ajue ananyoosha kwa ajili ya kitu gani.

Shauri lenyewe ni hili. Vijana wetu wanane walioanza kazi ya usafi pale njia panda wameomba ushirika uwanunulie mashine ya kuoshea inayotoa maji ya moto kwa presha, nao wailipe kidogo kidogo. Kazi ipo, hilo halina ubishi. Malori yanayopita barabara kuu ya Singida yanasimama pale kila siku. Magari ya ng'ombe yanatoka mnadani yakiwa na samadi hadi juu. Mashine za kukamua alizeti zimeganda mafuta, na mapipa yake yananata kiasi kwamba ukiyagusa mkono haubanduki. Vijana wanasugua kwa brashi na sabuni toka asubuhi, jioni wanagawana fedha ya chai.

Hata hivyo hatujasahau ile mashine ya kusaga. Tuliinunua kwa sababu ilikuwa inang'aa na muuzaji alikuwa anacheka vizuri. Ilisaga miezi mitano ikavunjika, kipuri hakikupatikana Singida wala Dodoma, na leo kuku wanatagia ndani yake. Waliopitisha uamuzi ule ni sisi wenyewe tunaoandika hapa. Hatumsingizii mtu.

Basi safari hii Halmashauri ilituma watu watatu mjini, siyo kuangalia rangi bali kupima. Walikwenda na ndoo ya lita 20 na saa ya mkononi. Wengine waliwacheka stendi, eti wanakwenda kuteka maji mjini. Lakini ile ndoo ndiyo iliyosema kweli.

Duka la kwanza walionyeshwa mashine mpya nyekundu, bei yake karibu nusu ya zile nyingine. Muuzaji akasifu presha: baa 200! Ili tuelewane, tairi ya gari ndogo hujazwa kama baa 2 tu, kwa hiyo baa 200 ni nguvu ya kutisha. Karatasi yake ilisema inatoa lita 600 kwa saa. Mashine ya lita 600 kwa saa inatoa lita 10 kwa dakika, yaani ndoo ya 20 ijae kwa dakika mbili. Wenzetu wakaweka ndoo, wakatazama saa. Ilijaa kwa dakika tatu na nusu. Fanyeni hesabu hiyo wenyewe kama tulivyoifanya ubaoni darasa la jioni la kisomo: haifiki hata lita 350 kwa saa. Presha ndiyo inayobandua uchafu, lakini maji ndiyo yanayouondoa. Maji yakiwa haba, tope linahama tu toka mlangoni kwenda kwenye tairi.

Tena pampu yake ina kichwa cha aluminiamu na mota inazunguka mara 2,800 kwa dakika. Mashine ya namna hiyo inamfaa mtu mwenye gari moja anayeosha Jumapili. Ukiifanyisha kazi toka asubuhi hadi jioni, mihuri yake ya mpira inakwisha mapema na pampu inaanza kuvuja. Mashine ya kazi huzunguka pole pole, mara 1,400 hivi, ina kichwa cha brasi na pistoni za kauri. Ni nzito, haipendezi macho, na fundi anaweza kuifungua akabadilisha mihuri peke yake bila kununua pampu nzima.

Duka la pili palikuwa na mashine kubwa ya mtumba toka Ulaya. Watu wa huko wanazijua mashine hizi siku nyingi, maana Mjerumani Alfred Kärcher alitoa ya kwanza ya maji ya moto kwa Ulaya mwaka 1950. Bei nzuri, chuma kizito, wenzetu wakaanza kutamani. Wakauliza umeme wake. Kumbe ni wa fezi tatu! Njia panda kuna fezi moja tu. Muuzaji alijua wanatoka kijijini na hakusema neno mpaka alipoulizwa. Mtumba si dhambi, nusu ya nguo tulizovaa ni mtumba, ila hakuna aliyeweza kutuambia mashine ile imefanya kazi saa ngapi wala lini pampu ilibadilishwa oili.

Ya tatu ndiyo tunayoiunga mkono, na tutasema kwa masharti gani. Ina mota ya fezi moja, presha baa 150, na ndoo ilijaa kwa dakika mbili na sekunde chache. Maji yanapashwa moto na dizeli. Hapa wengi mmeuliza, mbona tusipashe kwa umeme tukaepuka mafuta? Jibu ni hesabu tena. Kupasha lita 600 toka nyuzi 25 hadi 75 ndani ya saa moja kunataka umeme wa kama kilowati 35. Hiyo ni sawa na kuwasha pasi 35 za wati 1,000 kwa pamoja! Kijiji kizima kingelala gizani. Kwa dizeli kazi hiyo hiyo inakula kama lita 4 kwa saa. Umeme unabaki kuendesha mota na pampu tu, kama kilowati 3.

Lita 4 kwa saa si kidogo. Zidisheni kwa bei ya dizeli muone. Ndiyo maana tunawaambia vijana moto usiwashwe ovyo. Pikipiki yenye tope, baisikeli, gari la mchanga, yote hayo yanatoka kwa maji baridi. Moto ni kwa grisi, mafuta ya alizeti, na gari la ng'ombe. Mashine hii ina swichi ya kuzima moto pampu ikaendelea. Bei za kuosha ziwe mbili, zibandikwe ukutani, na mwenye kutaka maji ya moto alipie moto wake.

Sasa tufike kwenye maji, maana hapo ndipo ugomvi ulipo, na akina mama wana haki ya kugomba. Mashine ikifanya kazi saa nne kwa siku inakunywa lita 2,400. Hizo ni ndoo 120. Kiangazi foleni ya kisimani inaanza alfajiri, halafu mtu aje na mpira avute ndoo 120 kuoshea lori la mtu asiyemjua! Hatuwezi kukubali. Tumezungumza na kamati ya maji, nayo imesema tangi la vijana linaweza kujazwa usiku tu, baada ya akina mama kumaliza, na kwa malipo. Hilo liandikwe na litiwe sahihi kabla ya shilingi moja kutoka benki. Siyo baadaye. Tunajua "baadaye" yetu.

Na maji yenyewe ya kisima chetu yana chumvi na chokaa. Kila mama hapa anaujua ule ukoko mweupe ndani ya birika. Ndani ya mashine hii kuna bomba lililozungushwa kama chemchemi ya godoro, moto unawaka katikati, maji yanapita ndani ya bomba. Ukoko ukijaa humo, joto haliwafikii maji upesi, dizeli inakwenda nyingi, njia inaziba, mwisho bomba linaungua na kutoboka. Mashine ya kwanza haina kinga yoyote. Ya tatu ina kitangi kidogo cha dawa ya kuzuia ukoko. Dawa hiyo lazima inunuliwe pamoja na mashine, na ikikwisha mashine isimame. Masika tutumie maji ya bati la ghala, ambayo hayana chokaa: mvua ya milimita 10 juu ya bati la mita za mraba 200 inaleta lita 2,000. Leo maji hayo yanachimba shimo nyuma ya ghala bure.

Umeme wetu nao mnaujua. Jioni taa zinafifia mpaka unadhani ni kibatari. Mota ikilazimishwa kuzunguka kwa umeme dhaifu inapata moto na kuungua. Kifaa cha kuikata umeme ukishuka kinunuliwe, na kazi iishie saa kumi na moja.

Siku ya kununua, wajumbe wafanye jambo moja zaidi. Mashine ikiwa inawaka moto, wafunge bomba la maji. Moto lazima uzimike wenyewe mara moja. Usipozimika, wageuke warudi nyumbani hata kama wameshalipa nauli na kula chakula cha hoteli. Mashine isiyojua kuwa maji yamekwisha itaunguza bomba lake siku ya kwanza kijana akisinzia. Wadai pia kuonyeshwa mihuri ya akiba dukani, kwenye rafu, waishike kwa mkono. "Itakuja toka Dar es Salaam" hatutaki kuisikia tena.

Vijana nao tuwaambie bila kuficha. Maji haya si ya kuchezea. Yakikupiga karibu yanapenya ngozi, kidonda kinaonekana kama tundu la sindano, kumbe ndani uchafu umeingia mbali. Aliyepatwa asingoje kesho, apelekwe hospitali saa ile ile. Viatu vya mpira, glavu na miwani viwe sehemu ya bei ya mashine. Tairi isipigwe kwa karibu, bearingi za pikipiki zisilengwe, na mnyororo ukioshwa kwa maji ya moto upakwe oili kabla mwenyewe hajaondoka, maana grisi yote imekwisha toka.

Maji machafu hayatakwenda lambo la ng'ombe. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli ndani ya mita 60 za chanzo cha maji, lakini hata bila sheria ni mifugo yetu inayokunywa pale. Shimo la kuzuia mafuta lichimbwe kwanza. Vijana wana mikono, majembe yapo ghalani.

Mjumbe mmoja wa Halmashauri hakubaliani nasi. Anasema tununue ile nyekundu ya bei ndogo, ikifa tutakuwa tumekwisha pata faida ya kununua nyingine. Atapewa nafasi ya kusema, na tumsikilize, siyo kumzomea kama mwaka jana. Kwa upande wetu, kama fedha za mashine ya tatu pamoja na tangi, dawa, shimo na vifaa hazitoshi msimu huu, tunaona afadhali kungoja alizeti ya mwakani kuliko kurudia ya mashine ya kusaga.

Mkutano ni Jumamosi, saa nne asubuhi, chini ya mti wa ofisi. Karatasi za bei za maduka yote matatu zimebandikwa hapa chini ya gazeti hili, tafadhali zisichanwe kuwashia sigara. Asiyeweza kusoma amwombe jirani amsomee, au aje darasani Alhamisi jioni, tutazisoma pamoja. Ndoo pia italetwa.

Katibu, kwa niaba ya Halmashauri