UPANGA WA MWANGAZA NA MFUKO WA MNUNUZI



Katika kurasa hizi tumezoea kubishana juu ya mpira, juu ya chakula cha internati, na juu ya nani anayestahili kupewa zawadi mwisho wa mwaka. Mara hii tunataka kuzungumza juu ya ubishi wa watu wa mbali, watu wa Marekani, waliobishana miaka mingi kwa ajili ya mahali pa kuchezea. Tafadhali, usicheke mbele ya kusoma mpaka mwisho. Ndani ya ubishi ule kuko shauri moja kubwa: mtu akipenda kitu kwa moyo wake wote, kitu kile ni chake, ao ni cha yule anayekiuza?

Kwanza tueleze habari yenyewe. Mwaka 1977 ilitokea kule Marekani sinema iitwayo Star Wars, maana yake vita vya nyota. Ni hadithi ya kubuniwa: watu wanaruka katika merikebu za angani kutoka nyota hata nyota, roboti wanasema kama watu, na mashujaa wanapigana na panga zisizo za chuma, bali za mwangaza. George Lucas njo aliyeitunga. Watoto wa siku zile waliipenda sana, wakakua nayo, wakazaa watoto, na watoto wale wakaipenda vilevile. Mwaka 2012 kampuni Disney ilinunua kampuni ya Lucas kwa dola zaidi ya miliari 4.

Kisha Disney ikajenga mahali ambapo mpenzi wa hadithi anaweza kuingia ndani yake kwa miguu yake mwenyewe. Tarehe 31 Mei 2019 sehemu hii, jina lake Galaxy's Edge, ilifunguliwa ndani ya Disneyland, mji wa Anaheim katika California. Tarehe 29 Agosti mwaka ule ule ndugu yake ikafunguliwa katika Florida. Kila moja ina ukubwa wa karibu hekta 6. Ni mfano wa mji wa biashara juu ya nyota moja iitwayo Batuu: nyumba zinaonekana za zamani, kuta zimechakaa kwa makusudi, na katikati kuko merikebu ya angani, Millennium Falcon, yenye urefu wa zaidi ya metre 30. Mtu akiiona mara ya kwanza, hata kama ni mzee mwenye mvi, anatoa machozi. Hivyo njo wengi walivyoshuhudia.

Lakini machozi yalipokauka, ubishi ulianza.

UBISHI WA MICHEZO

Siku ya kufungua, kulikuwa mchezo mmoja tu wa kupanda: kuendesha ile Falcon. Watu sita wanaingia pamoja. Wawili ni marubani, wawili ni wapiga bunduki, na wawili ni mafundi wa mashini. Wakati ule kazi yao ilikuwa kuiba mizigo na kuirudisha salama, na mwishoni walipewa hesabu ya namna walivyofanya. Wapenzi wakagawanyika. Wengine wakasema ni ndoto ya maisha yao. Wengine wakasema kwamba rubani peke yake njo anayecheza kweli. Fundi anakaa nyuma, anabonyeza vidude vinavyowaka ubavuni mwake, na akigeuka kubonyeza haoni tena kinachopita mbele. Tena kama rubani hajui kitu, anagonga kila jiwe, na wote sita wanaharibikiwa.

Sisi tunawaelewa waliolalamika. Mtu ametoka mbali, amesimama katika mustari saa nzima na zaidi, kisha anaambiwa akae nyuma. Hata hivyo tunadhani waliofikiri mchezo ule walikuwa na akili. Rubani na fundi wamelipa kiingilio kilekile, na kosa la mmoja linaingia katika hesabu ya wote. Si hivyo katika mpira? Anayelinda goli hapigiwi makofi kama anayefunga, lakini akilala usingizi, kila mtu atajua kwamba yuko pale.

Mchezo wa pili, Rise of the Resistance, ulikawia. Florida iliupata tarehe 5 Desemba 2019, na California tarehe 17 Januari 2020. Huu ni mkubwa kweli: karibu dakika 18 tangu mwanzo wake. Wageni wanakamatwa na adui, wanaingizwa katika chumba kikubwa ambamo askari 50 weupe wamesimama mstari, kisha wanatoroka ndani ya magari madogo yasiyofuata reli yoyote. Karibu kila mpenzi alikubali kwamba ni kazi ya ajabu. Basi ubishi ukahamia mlangoni: nani ataingia? Katika miezi ya kwanza ilikuwa lazima kufika mapema kabisa, kushika telefone mkononi, na mlango ukifunguliwa kuomba namba ya kundi. Mara nyingi namba zote za siku ziliisha kwa dakika chache tu. Na mashini zenyewe, kwa kuwa ni nyingi na ngumu, zilisimama mara kwa mara. Baadaye, mwaka 2021, desturi ya namba ikaachwa, watu wakapanga mustari wa kawaida. Lakini kukaongezwa njia ya mkato kwa yule anayelipa feza zaidi ya tiketi.

Hapa tunasema wazi mawazo yetu. Mustari ni kitu kigumu, lakini ni haki: aliyefika mbele ataingia mbele, awe tajiri, awe mtoto wa maskini aliyeweka akiba miaka mitatu. Njia ya mkato inayolipiwa inageuza haki ile. Aliyeweka akiba miaka mitatu anasimama na kutazama wengine wakipita ubavuni mwake.

UBISHI WA BIDHAA

Sasa tufike penye moto. Katika mji ule wa Batuu kuko maduka mengi. Duka moja linauza panga za mwangaza. Hununui tu: unaingia katika chumba pamoja na kundi dogo, unachagua vipande vya mpini na jiwe la rangi, unauunga upanga wako mwenyewe, kisha wote wanauwasha pamoja. Bei yake wakati wa kufungua ilikuwa karibu dola 200, bila kodi, baadaye ikapanda. Duka lingine lilikuuzia roboti mdogo wa kuunganisha mwenyewe, karibu dola 100. Kikombe cha maziwa ya buluu, yaliyotengenezwa kwa nazi na mchele, karibu dola 8. Midoli ya kuchezea ilishonwa sawa vile imeshonwa na mafundi wa kijiji, na juu ya vitu vilivyouzwa mule haikuandikwa jina la sinema, eti kwa sababu watu wa Batuu hawajui sinema. Hata chupa ya Coca-Cola ilifanywa ya mviringo kama bomu la hadithi. Mwezi wa Agosti 2019 wakubwa wa ulinzi wa ndege kule Marekani walikataza kwanza chupa ile, kisha wakaikubali katika mizigo inayowekwa tumboni mwa ndege.

Wapenzi wakabishana tena. Wa kwanza wakasema bei ni unyang'anyi. Wa pili wakajibu: si lazima kununua, hakuna anayekushika mkono. Wa tatu wakasema upanga ule ni wa chuma kizuri, na ile sherehe ya kuuwasha ni mchezo kamili, basi dola 200 si bure. Wa nne walitaka tu shati la kawaida lenye jina la sinema, na humo hawakulipata.

Sisi tunapima hivi. Bei iliyoandikwa wazi si wizi. Yule anayeona ni ghali anaweza kupita. Hapo wale wa pili wana haki. Lakini wanasahau jambo moja. Kampuni haikusema: njoo uone maduka. Ilisema: njoo uishi hadithi yako. Mbele ya kufungua, watengenezaji walieleza kwamba namna unavyoendesha merikebu itajulikana mjini, na kwamba ukiiharibu, watu wa mji watakuuliza. Sehemu kubwa ya mambo hayo haikuonekana. Katika miezi ile ya kwanza mgeni alikuta mchezo mmoja, mahali pa kula na kunywa, na maduka. Kama kati ya mambo ya kufanya mengi yanapita mikononi mwa mwenye duka, bidhaa si ukumbusho tena. Ni tiketi ya pili. Mtoto ambaye baba yake amelipa tiketi ya kwanza kwa shida anasimama nje ya chumba cha panga, anasikia sauti za furaha ndani, na mlango umefungwa.

Tusidanganyike, jambo hili si la jana. Sinema ile ilipotoka mwaka 1977, kampuni Kenner iliyopewa ruhusa ya kutengeneza midoli yake ilichelewa, na Noeli ikafika bila midoli. Wakafanya nini? Wakauza bahasha ya karatasi yenye ahadi ndani! Mtoto alipata picha na cheti. Midoli minne ingekuja kwa posta mwaka 1978. Na watu walinunua. Kwa hiyo tangu mwanzo hadithi na duka zilikuwa mapacha. Mpenzi anayesema kwamba zamani kulikuwa upendo mtupu bila biashara, anakumbuka vibaya.

MPAKA WA UPENDO

Wengine walidhani kwamba mpenzi wa kweli atalipa bei yoyote. Historia imejibu. Tarehe 1 Machi 2022, kule Florida, Disney ilifungua nyumba ya wageni iliyofanana na merikebu ya angani, Galactic Starcruiser. Mgeni alilala humo siku mbili, wachezaji wa tamasha wakimzunguka, naye mwenyewe akiwa ndani ya hadithi. Bei ya watu wawili ilianza karibu dola 4,800. Wengi waliokwenda walitoka wamefurahi kabisa, wakasifu wachezaji kwa moyo. Lakini mwisho wa Septemba 2023 nyumba ikafungwa, haikumaliza hata miaka miwili. Wachezaji hawakukosa ufundi, na wapenzi hawakukosa upendo. Walioweza kulipa walikuwa wachache mno kujaza vyumba siku zote.

Na kuko jambo lingine la kuangalia. Kwa kuwa mji ule uliwekwa katika wakati wa sinema mpya, mashujaa wa zamani, kina Luke na Leia na adui wao Darth Vader, hawakuonekana humo. Wapenzi walilalamika tangu 2019: tumekuja kuwaona wale tuliowapenda, mbona tunaonyeshwa wageni? Wengine wakawatetea watengenezaji, wakisema kanuni ya hadithi ni kanuni. Hata muziki wa sinema, ambao John Williams aliutunga, haukusikika barabarani, ili mahali paonekane kweli. Mwaka 2025 kampuni ikatangaza kwamba katika Disneyland, kuanzia mwaka 2026, mashujaa wa zamani wataingizwa, na muziki ule pia. Kumbe maneno ya wapenzi yalikuwa na nguvu. Yalichukua miaka sita, lakini yalisikiwa.

Mwenzetu mmoja atauliza: "Sasa hii mambo ya Wazungu inatuangalia na nini? Sisi hata feza ya daftari iko shida!" Ndugu, swali ni zuri. Lakini tazama shati la mpira unalolilia pale sokoni, lile lenye jina la mchezaji mgongoni. Anayeuza hakuuzii kitambaa. Anakuuzia upendo wako mwenyewe. Mwenye akili anajiuliza mbele ya kutoa feza: nisipolinunua, nitapenda timu yangu kidogo? Kama jibu ni hapana, basi shati ni shati tu, nalo lina bei ya shati.

Neno lingine tunalojifunza ni namna ya kubishana. Wale wapenzi, hata katika hasira yao, wengi walihesabu dakika, walilinganisha bei, walitaja ahadi iliyotolewa na ile iliyotimizwa. Njo maana walisikiwa. Sisi katika kalasi mara nyingi tunashinda kwa makelele. Mwenye sauti kubwa anakaa chini akidhani amesema kweli, na mwenye hesabu ananyamaza.

Kwa ufupi, sisi tunasema hivi: mchezo ule ni mzuri, na waliojenga wasifiwe kwa mikono yao. Upanga wa dola 200 auzwe kwa anayeutaka. Lakini aliyelipa mlangoni apewe hadithi kamili mbele ya kufika dukani. Na mpenzi asidanganywe kwamba mfuko mtupu ni alama ya upendo mdogo.

Asiyekubali maneno haya aandike jibu lake, ukurasa mmoja, mwandiko unaosomeka, alete kwetu mbele ya Ijumaa. Tutalichapa bila kupunguza neno, hata kama linatupiga.

Sisi, waandikaji wa kalasi ya sita.