Unamcheka Aliyeshrub? Liverpool Wanakungoja

Wasee, kuna maneno nimechoka kuyasikia hapa Nairobi: "Kiingereza cha Waingereza." Mtu akishrub kwenye video, mbogi nzima inamrukia. "Ameua Kiingereza!" "Arudi ocha!" Utadhani kuna Mwingereza mmoja ameketi mahali na rula, anapima midomo yetu.

Swali langu ni fupi. Mwingereza yupi?

Maana wikendi hao hao wanaocheka ndio wanajaa kwa vibanda vya mpira na jezi nyekundu. Jamie Carragher akianza kuchambua mechi, wanaangaliana: huyu anasema nini? Carragher ni Mwingereza kamili. Amezaliwa Bootle, hapo kando ya Liverpool. Hajashrub popote. Anaongea Scouse, lahaja ya kwao, na ameiongea hivyo hivyo kwenye TV miaka nenda miaka rudi.

Sikiliza hiyo Scouse vizuri. Herufi k ikifika mwisho wa neno inakwaruza koo, kwa hivyo "back" inatoka karibu na "bakh". Ni ile kh ya wazee wa Mombasa wakisema "kheri". Kitu kikiwa poa ni "boss". Ukiwa na furaha wewe ni "made up". Polisi ni "bizzies". Rafiki yako unamwita "la". Sasa jaribu kutoa hiyo "bakh" kwenye intavyuu Upper Hill uone utaangaliwaje.

Halafu kuna "youse". Kiingereza cha vitabuni kina "you" ya mtu mmoja, na "you" hiyo hiyo ya watu mia. Sisi tuna wewe na nyinyi, hatuna shida. Watu wa Liverpool pia hawana shida, kwa sababu wakiwa wengi wanaitana "youse", neno lililokuja na Waayalandi. Mwalimu wako angelichora mstari mwekundu. Lakini niambie ukweli, kati ya kitabu na Liverpool, nani amefikiria vizuri hapo?

Na hii lahaja haikutoka kwa washamba. Ilitoka bandarini. Zamani watu wa Liverpool waliongea karibu kama majirani zao wa Lancashire. Kisha meli zikaja, na watu wakaja nazo. Njaa kubwa ya Ayalandi ya miaka ya 1840 ilileta umati, na kufikia sensa ya 1851, zaidi ya mtu 1 kati ya 5 mjini alikuwa amezaliwa Ayalandi. Ongeza watu wa Welisi, mabaharia wa Afrika, na Wachina waliojenga Chinatown ya zamani kuliko zote Ulaya. Wote wakachanganyika kazini, kwa baa, kwa vichochoro. Sheng nayo ilizaliwa vipi Eastlands? Hivyo hivyo. Lugha zikibanana mtaa mmoja, zinazaa.

Hata jina Scouse ni la chakula. Ni "lobscouse", mchuzi wa mabaharia: nyama, waru, karoti, vitunguu, vinachemka pamoja hadi vinashikana. Pesa ikikosekana ya nyama, wanaupika bila nyama na kuuita "blind scouse", yaani scouse kipofu. Hebu fikiria mji mzima ukiitwa kwa jina la chakula cha maskini, na unajivunia! Sisi tukimwita mtu "githeri", ni matusi.

Msidhani wamepewa hiyo heshima bure. Huko kwao Uingereza, watu wakiulizwa lafudhi wanazopenda, Scouse mara nyingi inaangukia karibu na mkia. Kwa miaka mingi imekuwa lafudhi ya vichekesho kuhusu wezi na wavivu. Na kichekesho kikirudiwa sana, siku moja kinageuka ushahidi.

Aprili 15, 1989, mashabiki wa Liverpool walibanwa kwenye uwanja wa Hillsborough, Sheffield. Waliofariki ni 97. Siku nne baadaye gazeti la The Sun likaandika kwamba mashabiki waliwaibia maiti. Uongo. Lakini uongo huo ulipata njia rahisi, kwa sababu nchi ilikuwa imezoea kuwacheka watu wa mji ule. Ilichukua hadi 2016 kwa baraza la mahakama kusema wazi kwamba wale watu waliuawa kinyume cha sheria na mashabiki hawakuwa na kosa. Hadi leo maduka mengi Liverpool hayauzi gazeti hilo.

Ndiyo maana sitaki kuambiwa "ni jokes tu". Mimi nimekaa darasani na watu wenye akili kunishinda, na hawakuinua mkono hata siku moja. Jibu walikuwa nalo. Waliogopa "l" na "r". Hayo majibu yalienda wapi?

Najua mtasema, "Lakini kazi inataka Kiingereza safi." Sawa. Jifunze sarufi, andika barua ya kazi isiyo na makosa. Mtoto wa Liverpool pia anafanya mtihani kwa Kiingereza cha vitabuni, kisha anatoka nje na kuongea kama mamake. Sarufi ni kitu kimoja, lafudhi ni kingine. Jodie Comer wa Killing Eve anaigiza lafudhi za kila aina. Kamera ikizimwa, anarudi kwa Scouse yake.

Sasa cheki kioja. Anfield kuna mashabiki wanaoinua bango la "Scouse not English", yaani wao ni Scouse, si Waingereza. Aliyezaliwa Uingereza anakataa kupimwa na hiyo rula, halafu wewe wa Kayole umeishika kwa mikono miwili, unampimia jirani yako.

Weka rula chini. Mtu akiongea na ukamwelewa, lugha imefanya kazi yake. Kama hukumwelewa, muulize tena kwa heshima, vile ungemuuliza Carragher.