STEMPU INAYOCHEZA NA PESA YA JUZUU



Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na maswahaba zake. Ama baada ya hayo.

Wapenzi wanafunzi na wazazi wetu, makala niliyokuwa nimeiandaa kwa ajili ya jarida la mwaka huu ilihusu adabu za kukaa msikitini. Nimeiweka kando kwa sababu ya farasi mmoja mdogo wa plastiki, ambaye amenifundisha mimi mwalimu kabla sijamfundisha mtu.

Siku moja baada ya Alasiri, nikisikiliza usomaji, niliona vijana wa safu ya nyuma wameinamisha vichwa pamoja na hakuna anayesoma. Nilipofika nilikuta kwenye kiganja cha mwanafunzi wa darasa la pili kitu kidogo kama kibiriti. Ilikuwa stempu. Ukiiinamisha kulia farasi ananyanyua miguu, ukiiinamisha kushoto anaitua, na ukiichezesha haraka anakimbia kabisa. Nikamuuliza kaitoa wapi. Akasema kainunua stendi kwa kijana mmoja kwa shilingi elfu kumi. Elfu kumi hiyo mama yake alimpa anunue Juzuu Amma na madaftari. Kijana yule alimwambia kwamba Dar es Salaam kuna watu wanaonunua stempu za namna hiyo kwa laki tano.

Nilikasirika. Mbele ya wenzake nilisema kuwa huo ni upuuzi na ni haramu, nikaitia stempu kwenye droo. Alhamisi hakuja. Jumamosi hakuja. Jumapili akaja mama yake kuniuliza, kwa heshima sana, mwanawe amefanya kosa gani hata anaona haya kurudi chuoni. Nikaanza kueleza, na katikati ya maelezo nikajikuta sina la kusema. Nilikuwa nimetoa hukumu juu ya kitu nisichokijua. Sisi walimu tunawakataza wanafunzi wasiseme bila ya elimu, na mimi nilikuwa nimefanya hivyo hivyo. Basi nikaanza kusoma na kuuliza.

KITU CHENYEWE NI NINI?

Hakuna uchawi ndani yake. Picha kadhaa hukatwa vipande vyembamba sana kama nyuzi, vikapangwa kwa zamu, kipande cha picha ya kwanza, cha pili, cha tatu. Juu yake hubandikwa plastiki yenye mifereji midogo, na kila mfereji unafanya kazi ya lenzi. Ukitazama kutoka upande huu lenzi zinakuonyesha vipande vya picha moja tu. Ukigeuza, zinakuonyesha vya picha nyingine. Jicho likiunganisha linaona mwendo. Wengi wetu tunacho kitu cha namna hii nyumbani: zile picha za ukutani ambazo ukipita upande mmoja unaona Makka na ukipita upande wa pili unaona Madina, au rula za shule zenye picha zinazogeuka.

Kuiweka kazi hii kwenye stempu si jambo la jana. Mwaka 1967 nchi ndogo ya Bhutan, iliyoko katika milima ya Himalaya, ilitoa stempu za plastiki za safari za anga za juu, zenye picha zinazoonekana kama zina kina. Bhutan ilikuwa ikitafuta fedha za kigeni, na mshauri wake Mmarekani, Burt Todd, alijua kuwa wakusanyaji wa Ulaya na Marekani watanunua kila kioja. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikatoa hata stempu zinazochezwa kwenye gramafoni. Agosti 2019 Posta ya Marekani nayo ilitoa stempu nne za dinosau aina ya Tyrannosaurus rex, na mbili kati yake zina mwendo: katika moja mifupa inavaa nyama, katika nyingine mnyama anakurukia.

Hadi hapo sikuona ubaya. Allah ametupa macho na akili, na anayestaajabu akauliza ameanza kujifunza. Ndipo nikakumbuka hadithi iliyopokewa na Abu Dawud. Mama yetu Aisha (R.A.) alikuwa na vitu vya kuchezea, na kati yake farasi mwenye mbawa za kitambaa. Mtume (S.A.W.) akamuuliza, farasi ana mbawa? Akamjibu kwa kumkumbusha farasi wa Nabii Suleiman. Mtume akacheka mpaka magego yake yakaonekana. Mimi nilipomwona farasi wa mtoto, sikuuliza wala sikucheka. Suala la picha lina maelezo yake, na masheikh wamehitilafiana hasa juu ya picha za kamera. Anayetaka ufafanuzi amwendee mwenye elimu kuliko mimi. Lakini ukali wangu siku ile haukutoka kwenye elimu. Ulitoka kwenye hasira.

BASI TATIZO LIKO WAPI?

Tatizo nililiona nilipojiuliza stempu ni nini hasa. Stempu ni risiti. Kabla ya mwaka 1840 huko Uingereza, mara nyingi aliyepokea barua ndiye aliyelipa, na maskini walizirudisha kwa kukosa nauli yake. Rowland Hill akapendekeza mpelekaji alipe kwanza, na mwezi Mei 1840 ikatoka stempu ya kwanza, nyeusi, ya thamani ya peni moja. Kikaratasi kile kinasema: nauli imelipwa, basi amana hii ifikisheni.

Sisi Waislamu jambo la alama kwenye barua si geni kwetu. Katika Surat an-Naml tunasoma jinsi Nabii Suleiman alivyompa hud-hud barua ampelekee malkia wa Sabaa, naye malkia akaipokea kwa heshima. Mtume wetu (S.A.W.) alipotaka kuwaandikia wafalme, aliambiwa kuwa hawasomi barua isiyo na muhuri, akatengenezewa pete ya fedha yenye jina lake na utume wake. Wanahistoria wanasimulia pia kwamba zama za Muawiya mtu mmoja alipewa barua ya kulipwa dirhamu laki moja, akaifungua njiani akaandika laki mbili. Tangu hapo ikaundwa idara maalumu ya kupiga mihuri. Kwa hiyo muhuri na stempu vimewekwa kulinda ukweli. Stempu ikianza kutumika kudanganyia watu, imepinduliwa juu chini.

Na imepinduliwa mara nyingi. Katika miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, kabla na wakati wa kuundwa kwa Umoja wa Falme za Kiarabu, falme ndogo za Ghuba kama Ajman na Umm al-Qaiwain ziliingia mikataba na wafanyabiashara wa nje, wakachapisha stempu kwa wingi mno, zikiwemo za plastiki zenye picha za kina. Nyingi hazikubandikwa kwenye barua hata siku moja. Zilipigwa muhuri huko huko zinakochapishwa zikauzwa kwa watoto ndani ya pakiti. Hata leo zinapatikana kwa bei ya chini. Nchi yetu haikusalimika. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na katika miaka ya 1990 zilitoka stempu zenye jina la Tanzania na picha za katuni za Disney, dinosau na waimbaji wa Marekani. Ni Mtanzania gani wa Nyahanga aliyewahi kupokea barua yenye stempu ya Elvis Presley? Mbaya zaidi ni stempu za bandia zinazochapishwa kwa majina ya nchi, nyingi za Afrika, bila ya nchi zenyewe kujua. Ndiyo maana tangu mwaka 2002 upo utaratibu wa Umoja wa Posta Duniani wa kuzipa namba stempu halali zinazoandikishwa.

Wenzangu wa Kahama, sisi tunaishi kwenye ukanda wa dhahabu. Hakuna mnunuzi hapa anayetoa pesa kwa sababu jiwe limemeta. Ataichoma, ataiweka kwenye mizani, ataangalia uso wa anayeuza. Basi kwa nini mtoto wetu atoe elfu kumi kwa sababu plastiki imecheza?

MAONI YANGU

Kwanza, kukusanya stempu si dhambi, na sitamzuia mwanafunzi. Lakini asikusanye kwa tamaa ya laki tano. Anayenunua kitu asichojua asili yake, kwa ahadi ya mnunuzi asiyemjua, ameingia katika gharari, na Mtume (S.A.W.) ameikataza biashara ya gharari. Kitu kilichochapishwa kwa maelfu hakiwi adimu kwa kuwa kinachezacheza.

Pili, tuchunge pesa inatoka wapi. Surat al-Israa imewaita wabadhirifu ndugu wa mashetani, na Surat at-Takaathur imetuonya juu ya kushindana kwa wingi. Pesa ya juzuu ni ya juzuu.

Tatu, stempu zenye faida kwa mwanafunzi ni zile zilizosafiri. Ukipata za Afrika Mashariki ya Wajerumani zilizogongwa thamani kwa pesa mwaka 1893, za Unguja za 1896 zenye sura ya Sultan Hamad bin Thuwaini, za twiga wa Tanganyika za 1922, kisha zile zilizoandikwa Kenya, Uganda na Tanganyika, halafu za Uhuru wa 1961, umeisoma historia ya nchi yako kwenye ukurasa mmoja. Na kama huna hata moja ya hizo, waulize babu na bibi. Ndani ya masanduku yao kuna bahasha za zamani. Usizing'oe stempu, iache bahasha nzima, na muhuri wake wenye jina la mji na tarehe.

Nne, na hili nawaambia walimu wenzangu na nafsi yangu kwanza: tuulize kabla ya kuhukumu. Mtoto aliyedanganywa stendi alihitaji mtu wa kumwonyesha mizani. Mimi nilimwongezea aibu juu ya hasara.

Wiki iliyofuata nilikwenda kwao baada ya Magharibi. Nilimrudishia stempu yake na kumwomba radhi, na aliporudi nilirudia maneno hayo mbele ya darasa lile lile lililosikia ukali wangu. Pesa haikurudi, yule kijana hakuonekana tena stendi. Juzuu anasoma kwa kuazimana na mwenzake mpaka mama yake atakapojaaliwa. Hayo ndiyo malipo ya somo, na nilimwambia hivyo bila kumficha.

Kisha tukafanya jambo moja. Kila mwanafunzi wa darasa la pili aliandika barua kwa ndugu aliye mbali, kwa ajili ya kuunga udugu, tukaenda nazo posta mjini. Yeye alimwandikia babu yake aliyeko Nzega. Stempu aliyobandika ilikuwa ya karatasi ya kawaida, wala haichezi. Babu alijibu. Bahasha ya jibu ameibandika kwenye daftari, ukurasa wa kwanza. Farasi yuko ukurasa wa mwisho, na wenzake bado wanaomba kumwona.

Wazazi, mkipata nafasi waandikieni watoto wenu barua, hata kama mnakaa nyumba moja na simu zimejaa. Nanyi wanafunzi, kila mnapoonyeshwa kitu kinachometa au kinachocheza, ulizeni kimebeba nini.

Wabillahi tawfiiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.