Mufindi wana nini ambacho Busi hatuna?

Wasikilizaji wa Busi mnatuuliza: upepo huu unaovuma vilimani kila kiangazi, mbona hauwashi hata taa?

Jibu liko Mufindi, Iringa, kwenye vilima vya chai. Huko zimesimama mashine tatu tu za upepo, jumla megawati 2.4, zilizojengwa mwaka 2020. Majirani zetu wa Singida walitangaziwa miradi ya megawati 50 na 100 miaka mingi kabla, lakini Mufindi ndio wakatangulia.

Hawakuutegemea upepo peke yake. Tangu 2012 walikuwa na mtambo wa maji wa Mwenga, megawati 4, na nyaya zilizokwisha kufika vijijini. Kiangazi maji ya mto hupungua, na ndipo upepo huzidi. Umeme unaobaki huuziwa TANESCO.

Sisi mito yetu mingi hukauka. Kwa hiyo mtu akija na ahadi ya mashine za upepo (msimu wa kura ahadi hazikosekani), tusimuulize upepo una nguvu kiasi gani. Tumuulize: siku ukitulia, tutawasha nini? Na nyaya atavuta nani?