Kitalu kisingoje masika iishe

Nina la kusema kwa sisi wakulima wadogo wa Mbweni. Wengi wetu husubiri masika iishe kabisa ndipo tusie mbegu za tungule. Tunachelewa! Kitalu kinataka wiki 4 hivi, kisha tungule hukaa shambani miezi miwili na zaidi kabla ya kuiva. Ukisia mwisho wa Juni, mavuno yanakutana na mvua za vuli.

Sia mapema Mei, kwenye tuta lililoinuliwa, lenye kichanja cha makuti juu yake ili mvua isiozeshe miche. Wiki ya mwisho punguza maji na kivuli kidogo kidogo, mche uzoee jua. Hamisha jioni na umwagilie papo hapo. Bilinganya na pilipili nazo ni hivyo hivyo. Bamia usiihamishe, panda mbegu shambani moja kwa moja.

Tena tusisie zote siku moja. Tugawe mafungu, kila baada ya wiki mbili, tungule zisifurike sokoni Mwanakwerekwe kwa pamoja zikatuozea mikononi. Jasho la mkulima lisipotee kwa kukosa mpango.